Kutoka Matumbawe hadi Magadi: siku sita na Probox ya mjomba

Siku ya kwanza: Mombasa hadi Voi

Tumetoka Mji wa Kale saa kumi na mbili unusu, jua halijakaza: mimi, mjomba wangu na Probox yake ambayo mlango wa nyuma hufunguka kwa ndani tu. Mjomba ni fundi mwashi aliyestaafu. Miaka 40 amechonga, amepasua na kupanga mawe ya pwani hii. Mimi nafundisha jografia. Kila muhula nachora duara la dunia ubaoni, nalikata matabaka manne, wanafunzi wananakili, wanafaulu mtihani, halafu wanasahau. Likizo hii ya Agosti nikamwomba mjomba anifikishe Ziwa Magadi kwa barabara, polepole, tukisimama kila jiwe linapobadilika. Alikubali kwa sharti kwamba petroli iwe juu yangu na nisimwite mzee mbele ya watu.

Kituo cha kwanza ni kisiwani humu humu, chini ya kuta za Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 juu ya mwamba wa matumbawe, na ukiinama unayaona matumbawe yenyewe, mengine yana mikunjo kama ubongo, yamekwama pamoja na makombe. Mwamba huu ulikuwa hai chini ya maji kiasi cha miaka 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa mita kadhaa juu ya ilipo leo. Mjomba ameupapasa kama mtu anayemsalimia mnyama wake. "Hili ukilitoa ardhini leo lachongeka kama muhogo," amesema. "Lipige jua miezi, uje na tindo uone."

Miritini udongo umegeuka kijivu, mwamba wenye kuchanika karatasi karatasi. Halafu tukapanda hadi Mazeras. Wakenya wengi wanalijua jina hili kwa sababu ya yale mawe bapa ya kutandaza uani, "mazeras", bila kufikiria kwamba ni mahali. Ni mchanga wa mito ya kale uliogandamana ukawa jiwe, na unapasuka bapa kwa sababu ulitua tabaka juu ya tabaka. Mjomba ametoa pima maji kwenye boksi lake la vyombo, akaiweka juu ya mwamba uliochimbwa kando ya barabara. Tone la hewa likakimbilia upande wa bara. Akaigeuza, likakimbilia bara tena.

"Limelalia baharini," amesema.

Ndivyo hasa. Matabaka haya yameinama kidogo kuelekea Bahari ya Hindi, kwa hiyo anayekwenda bara anakanyaga jiwe la zamani zaidi kila anapopiga hatua: Mazeras, Mariakani, Maji ya Chumvi, Taru. Mchanga huu ulipokuwa ukitua hapakuwa na Bahari ya Hindi. Madagaska ilikuwa imeegemea pwani hii na ya Somalia. Ardhi ilivutwa, ikabonyea, mito ikajaza bonde lile mchanga kwa zaidi ya miaka milioni 100, mpaka mwisho likapasuka kweli. Yapata miaka milioni 165 iliyopita Madagaska ilianza safari yake ya kwenda kusini na maji ya bahari yakaingia nyuma yake. Kwa maneno mengine, barabara ya Mombasa hadi Taru imepita ndani ya bonde la ufa lililofaulu.

Kabla ya Maungu mawe ya mchanga yamekwisha, udongo mwekundu umeanza. Tumelala Voi.

Siku ya pili: Voi, Sagalla, Mwatate

Leo hatukwenda mbali. Hatukuwa na haja.

Chini ya milima ya Sagalla kuna majabali ambayo mtu akiyaona kwa mbali atadhani ni matale ya kawaida. Ukikaribia unakuta mistari, mweupe, mweusi, mweupe, na vumbi la mika linalometameta na kubaki mikononi. Hii ni naisi. Na mistari haijanyooka. Kwenye jabali moja lenye ukubwa wa matatu, mstari mweupe wa upana wa vidole viwili ulikwenda sawa, ukapinda ukajirudia, ukapinda tena, kama kanga iliyokunjwa mara tatu na mtu mwenye haraka. Hakuna ufa hata mmoja kwenye pindo. Nimepitisha ukucha pale linapojirudia, nikitafuta palipovunjika, sikupata.

Mjomba amesimama hapo muda mrefu bila kusema, na si kawaida yake. Mwishowe: "Jiwe halikunjiki, mjomba." (Huku kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo.) "Nimepiga mawe tangu sijaota ndevu. Linapasuka, linachanika, linamomonyoka. Halikunjiki."

Nikatoa kashata za nazi tulizonunua Mombasa. Nimempa moja, akaivunja, ikalia kak. Nikamuuliza: mama anapoipakua sufuriani, kabla haijapoa, ukiipinda inalia hivyo? Hailii. Inajikunja. Sukari ile ile, nazi ile ile, kilichobadilika ni joto.

Ndiyo siri ya jabali lile. Lilipokuwa likikunjwa halikuwa hapa juu. Lilikuwa chini, kilomita 20 au 30, kwenye joto la nyuzi mamia kadhaa, limeminywa pande zote hata nafasi ya kufunguka ufa hapakuwa. Na halikuharakishwa. Jiwe likiwa na joto, likibanwa pande zote, likapewa miaka milioni, linatiririka bila kuyeyuka, huku likiwa gumu vile vile. Likiwa baridi, karibu na uso wa nchi, na likalazimishwa kwa ghafla, linavunjika. Tofauti kati ya kukunjika na kuvunjika haimo kwenye jiwe peke yake.

Mjomba ametafuna kashata, akaniletea mfano wake mwenyewe, na nikiri kwamba ni bora kuliko wangu. Nondo. Ukiivuta nondo kidogo ukaiachia, inarudi ilivyokuwa. Ukiivuta zaidi, inabaki imepinda. Ukiendelea kuipinda pale pale, inakatika. Hatua zote tatu zimo kwenye miamba. Ile ya kwanza, ya kuvutwa na kurudi, ndiyo mama wa matetemeko: mwamba unajipinda taratibu kama nondo kwa miaka mingi, na siku ufa unapoachia, pande mbili zinaruka kurudi kwenye unyoofu wao, na sisi juu yake tunarushwa.

Nani aliyabana mawe ya Taita? Mabara mawili. Kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita palikuwa na bahari hapa, ikafungwa, nchi zikagongana, na pakainuka safu ya milima ambayo pengine ilifanana na Himalaya ya leo. Mvua na upepo vimeishusha yote. Tunachokanyaga Sagalla ni mizizi yake, na mizizi hiyo inaendelea kusini kupitia Pare na Usambara hadi Msumbiji, ndiyo maana wanajiolojia huiita Mkanda wa Msumbiji. Vito vya kijani vya tsavoraiti vinavyochimbwa huku Taita vilipikwa kwenye jiko hilo hilo.

Kwa hiyo kwa siku mbili tumekwisha kuona bahari mbili: moja iliyofunguliwa, na moja iliyofungwa kabla yake. Jioni Mwatate tumekula wali kwa maharagwe. Mjomba amerudia mara mbili, akaniuliza kama milima ile ilikuwa na theluji. Nadhani ilikuwa nayo.

Siku ya tatu: Tsavo Magharibi

Tumelipa kiingilio cha hifadhi Mtito Andei, na sitataja ni shilingi ngapi maana mjomba bado anazitaja. Lengo letu lilikuwa lava ya Shetani, chini ya vilima vya Chyulu. Imejimwaga kilomita nane hivi, nyeusi tii, na inakadiriwa kuwa na umri wa miaka mia mbili tu. Waliouona moto ule ukitoka ardhini ndio walioupa jina, na siwalaumu. Ni basalti yenye vitundu kama sponji iliyochomwa, na kingo zake ni wembe. Ndara ya mjomba ya kushoto imechanika ubavuni ndani ya dakika kumi.

Hapa ndipo tulipogombana kuhusu mambo ya ndani ya dunia. Mjomba amesema, kama anavyosema kila mtu: "Basi huko chini ni uji wa moto mtupu, na sisi tunaelea."

Kosa hili linaniudhi kuliko yote ninayosahihisha. Nikamwomba afikirie nazi, lakini si nazi ya kawaida, nazi iliyoanza kuota, yenye joya. Kifuu ni ganda la dunia. Nyama ni joho, ndivyo ninavyoliita tabaka la chini ya ganda, linaloshuka hadi kilomita 2,900. Nyama ya nazi ni ngumu, na joho nalo ni jiwe gumu. Maji ndiyo kiini cha nje: chuma kilichoyeyuka pamoja na nikeli. Na katikati ya maji, joya, bonge linalokua polepole: kiini cha ndani, kigumu tena, kwa sababu ya mgandamizo, nacho kinaendelea kukua kadiri chuma cha nje kinavyoganda juu yake. Kutoka tuliposimama hadi katikati ni kilomita 6,371. Mfano unaharibika kwenye vipimo tu: ganda la bara ni kilomita 30 hadi 50, kwa hiyo kifuu cha nazi hii kingepaswa kuwa chembamba kama ganda la yai.

"Nani kashuka akaona?"

Hakuna. Shimo lililoshuka chini kuliko yote, lile la Kola huko Urusi, liliishia mita 12,262, hata ganda halikutoboka. Tunasikiliza matetemeko. Tetemeko hutuma ndani ya dunia mawimbi ya namna mbili: moja husukuma na kuvuta, jingine hutikisa ubavu kwa ubavu kama kamba. La kamba haliwezi kupita kwenye kimiminika. Linapita kwenye joho lote bila shida, kwa hiyo joho si uji. Likifika kiini cha nje linazimika. Mpaka kati ya ganda na joho aliugundua mtaalamu wa matetemeko Andrija Mohorovičić mwaka 1909, alipoona mawimbi yakiongeza kasi ghafla. Mwaka 1936 Inge Lehmann, mwanamke wa Denmark, akaona mawimbi dhaifu yakijitokeza mahali ambapo hayakutakiwa kufika, akatambua kwamba ndani ya kiini cha maji kuna kingine kigumu.

Basi hii lava imetoka wapi kama joho ni gumu? Joho la moto likipanda, mzigo ulio juu yake unapungua, na sehemu ndogo yake inayeyuka, chache kwa mia. Tone hilo ndilo linalotafuta njia ya kutoka. Na Chyulu imefanya jambo ambalo volkano chache hulifanya: baadhi ya lava zake zimebeba vipande vya joho lenyewe, mawe ya kijani ya olivini, yakapandishwa kutoka chini ya ganda kwa haraka hata hayakuyeyuka. Nimetafuta saa nzima kwa macho tu (huruhusiwi kuokota), sikuona hata chembe. Nimeumia kidogo.

Tumemalizia chemchemi za Mzima. Mvua inayonyesha Chyulu inazama kwenye lava yenye vitundu, inachujwa njiani, na kutokea hapa ikiwa safi kama kioo, viboko wamelala ndani yake. Kutoka hapa bomba linakwenda mpaka Mombasa. Mjomba ameyatazama maji muda mrefu. "Kumbe huku yapo," amesema.

Siku ya nne: Mtito Andei hadi Nairobi

Malori. Pancha moja Kibwezi, fundi kijana, dakika ishirini. Asubuhi kabla ya msongamano tumeuona mwinuko wa Yatta upande wa mashariki, mrefu na bapa kama meza: lava iliyojaa kwenye bonde la mto miaka zaidi ya milioni 13 iliyopita, ikaganda, halafu kingo laini za bonde zikamomonyoka na mto wa lava ukabaki juu. Karibu kilomita 300. Nairobi tumeingia usiku, kwa shangazi.

Siku ya tano: Kona Baridi hadi Olorgesailie

Nilikuwa nimeingoja siku hii. Kupita Kiserian barabara inapanda mgongo wa Ngong, upepo unakuchapa, na Kona Baridi ardhi inakatika. Mbele yako Bonde la Ufa linashuka, halishuki mara moja bali ngazi kwa ngazi, kila ngazi ina ukuta wake upande mmoja na uwanda ulioinama nyuma yake, zote zimejipanga kaskazini kwa kusini. Tuko karibu mita 2,000 juu ya bahari. Magadi iko kama 600.

Sikuhitaji kueleza. Mjomba amesoma nyufa za kuta maisha yake yote. "Ukuta ukipasuka ngazi ngazi namna hii, msingi umeondoka chini yake," amesema. "Umevutwa huku na huku, katikati pakakaa."

Ndiyo tafsiri yenyewe. Nchi ikivutwa, mwamba baridi wa juu unapasuka kwa mshazari na upande mmoja unateleza chini. Ikibanwa, upande mmoja unaukwea mwingine. Na kuna nyufa ambazo pande zake zinapishana kwa ubavu tu, kama San Andreas kule California. Bonde hili ni la namna ya kwanza, kutoka Kona Baridi mpaka ukuta wa Nguruman ng'ambo ya Magadi. Kilomita nyingi chini yetu, kwenye joto, mwamba ule ule haupasuki, unanyooka na kuwa mwembamba kama gubiti. Sagalla ilikuwa inatuonyesha sakafu ya chini ya jengo hili, kwa kazi tofauti: kule ni kubanwa, huku ni kuvutwa.

Chini zaidi tumesimama kwenye ukuta mmoja kando ya lami. Lava ya kijivu, umri wake kama miaka milioni moja, imekatwa wima. Kisu hakikati mkate ambao haujaokwa: kama ufa umeikata lava, basi ufa ni mdogo kwa umri kuliko lava. Mjomba amelipenda hilo, amelirudia kwa mlinzi wa Olorgesailie kana kwamba ni lake.

Olorgesailie penyewe, wanaakiolojia Louis na Mary Leakey walianza kazi miaka ya 1940, na shoka za mawe za watu wa kale zimeachwa zilipolala, mamia kwa mamia, chini ya kipaa. Zimechongwa kwa lava ya milima ya hapa hapa. Mjomba amechuchumaa, mikono nyuma kama alivyoelekezwa, akahesabu mapigo kwenye shoka moja. "Huyu alikuwa fundi," akasema. "Huyu wa pili alikuwa mwanafunzi."

Usiku, kwenye banda, tumezungumza kuhusu lile shimo la Mai Mahiu la mwaka 2018, lililokata barabara ya Narok na kuenea kwenye simu za dunia nzima na maneno kwamba Afrika imegawanyika. Wanajiolojia wengi walisema palepale kwamba mvua kubwa ilikuwa imekokota majivu laini ya volkano chini ya ardhi. Afrika inagawanyika kweli, ila si kwa wiki moja na si kwa kupigwa picha.

Siku ya sita: Magadi

Joto. Harufu ya magadi inafika kabla ya ziwa. Kisha uwanda mweupe na wa waridi, heroe wamesimama kwenye maji ya kina cha kifundo, na upande wa mbali chemchemi zinafuka moshi. Maji yanazama kwenye nyufa, yanapashwa moto huko chini, yanarudi na chumvi za magadi, jua linakausha, ganda jipya linajijenga. Wamechimba hapa zaidi ya miaka 100 na bado linajijenga.

Mjomba amekanyaga ukingoni, ganda likavunjika, mguu ukazama hadi kifundo kwenye maji mekundu. Akanitazama kwa furaha. "Si ndiyo dunia yako hii? Ganda juu, uji chini?"

Siyo! Nimemwambia siyo, mbele ya heroe wote. Lakini kwa jambo moja nimempa haki yake. Vipande vya ganda la ziwa vina mipaka, na kazi yote iko mipakani: ndipo vinapokwaruzana, ndipo maji yanapopenya. Mabamba ya dunia, vile vipande vikubwa vilivyogawa uso wake, ni hivyo hivyo. Mombasa yetu imekaa juu ya bamba la Somalia. Ng'ambo ya Nguruman ni bamba la Nubia, au ukitaka kuwa makini, kibamba cha Viktoria, kilichobanwa kati ya matawi mawili ya ufa, na Kisumu iko juu yake. Joho la moto limeinua nchi hii yote, na nchi iliyoinuliwa hujivuta pande mbili.

Kusini, ng'ambo ya mpaka, upo Oldoinyo Lengai, "Mlima wa Mungu" kwa Kimaasai, volkano hai pekee inayotoa lava ya kaboneti, ya nyuzi 500 hadi 600 tu, nyeusi ikitoka na nyeupe baada ya siku chache. Julai 2007 nilikuwa mwanafunzi Nairobi. Tulikuwa darasani ghorofa ya nne, madirisha yakaanza kulia, tukashuka ngazi mbio, na mitaani watu walikuwa wamejaa wakitazama maghorofa. Matetemeko yale yalitoka karibu na mlima Gelai, pembeni mwa ziwa Natron. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilikuwa imejipenyeza chini ya ardhi kama kabari na kuipanua, na Septemba Lengai yenyewe ikalipuka. Bonde linaweza kufunguka kwa kabari, si kwa kuvunjika peke yake. Mjomba amesema ndivyo anavyopasua jabali kubwa: kabari, nyundo, na subira.

"Kwa mwaka kiasi gani?" ameuliza.

Milimita chache, haifiki 5 hapa. Kucha inaishinda mara kumi.

Mjomba ana miaka 68. Amepiga hesabu kwa midomo, halafu akachuchumaa kwenye ganda gumu, akatanua mkono wake wa kulia, kidole gumba hadi kidole kidogo. Shubiri moja. Akachukua tindo, akakwaruza mstari kwenye ncha za vidole hivyo viwili. Mmoja ulikuwa wa mwaka aliozaliwa. Ule mwingine ulikuwa bado unajazwa maji ya waridi kutoka chini tulipoondoka kwenda mjini kumtafutia shangazi magadi ya kupikia kunde.